Faili Lilikuwa na Nyota Moja

Kijana wa steshenari alichomeka flashi yangu, akabofya mara mbili faili pekee lililokuwamo, kisha akasoma kwa sauti jina la mtu. Jina lake, la baba yake, halafu la kijiji. Akageuka kunitazama akiwa na tabasamu la mtu aliyepata habari za nyumbani.

"Dada, huyu mbona namfahamu? Kumbe yuko huku?"

Ilikuwa Katoro, mkoani Geita, Novemba 2022, saa nane mchana. Umeme ulikuwa umerudi nusu saa tu kabla ya hapo na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka fotokopi. Faili lile nilikuwa nimeliwekea neno la siri usiku uliotangulia. Niliweka mimi mwenyewe, nikaliandika mara mbili kama kompyuta ilivyotaka, nikalijaribu likakubali, nikalala fofofo.

Niseme kwanza habari za huyo mwenye jina. Humu sitampa jina, hata la kubuni.

Nilimkuta kwenye machimbo madogo siku tatu kabla, mahali ambapo pia sitapataja, amekaa chini ya turubai akiponda mawe kwa nyundo. Kwenye machimbo ya Geita kazi zina ngazi zake. Wanaume wanashuka duarani, mawe yanapanda kwa kamba, yanapelekwa kwenye karasha kusagwa, halafu mwaloni kuoshwa, halafu zebaki, halafu moto. Wanawake wengi wako pembeni ya mnyororo huo: wanaponda mawe yaliyoachwa, wanauza chakula, wanakusanya marudio, yaani mchanga ambao umeshaoshwa mara moja na bado una vumbi la dhahabu ndani yake kwa wenye mitambo ya kuchenjulia. Yeye alikuwa anaweka marudio kidogokidogo kwenye viroba. Alikuwa na viroba kumi na vinne, na alivihesabu kila asubuhi.

Alitoka kijiji kimoja cha Shinyanga. Mama yake alikuwa mjane, mzee, mwenye macho mekundu. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji nimwendelezee sentensi hiyo. Kwa wengine: Shinyanga ilipoteza miti yake kwa miongo mingi, ikifyekwa kufukuza mbung'o na kupisha pamba, hadi mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI wa kurudisha misitu na ngitili. Pasipo na kuni watu hupikia mabua na samadi kavu. Moshi wa samadi unakula macho. Mwanamke akishapika miaka hamsini kwenye moshi huo macho yanakuwa mekundu, na macho mekundu yanaitwa ushahidi. Kinachobaki ni mganga wa kupiga ramli na ndugu mwenye hamu ya shamba. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na chini yake hata kumtuhumu mtu uchawi ni kosa. Machi 2015, baada ya serikali kupiga marufuku ramli chonganishi, polisi walikamata waganga zaidi ya mia mbili. Mama wa huyu dada alikufa kwa panga baada ya hapo. Waliotajwa na kijiji kizima kwa minong'ono hawakufikishwa popote, na wawili kati yao ni ndugu zake wa damu.

Alichukua watoto wawili akaja kwenye dhahabu. Kwa nini dhahabu? Kwa sababu machimboni hakuna anayekuuliza ukoo wako. Mtu anaitwa kwa kabila lake, kwa mji alikotoka, kwa jino alilong'oka, kwa timu anayoshabikia. Kuna wanaume niliowahoji ambao wenzao wa duara moja, watu wanaoshikiana kamba ya uhai kila siku, hawakujua majina yao ya shule. Kila mmoja ana alichokiacha nyuma: deni, mke, kesi, msiba. Yule dada aliitwa kwa jina la chakula alichokuwa akiuza mwanzoni. Miaka mitatu lile jina la chakula lilimlinda kuliko mlango wowote.

Alikubali kurekodiwa. Akawataja ndugu zake wawili na mganga, kwa majina, mbele ya kinasa sauti, bila kutetemeka. Halafu akasema, "Langu mimi usilitoe." Nikamwambia halitatoka. Sisi waandishi tunayo ile mabano yetu, "si jina lake halisi", tunaibandika na tunajiona tumemaliza.

Usiku huo gesti nilihamisha sauti kutoka kwenye kinasa kwenda kwenye laptopu na nikaipa jina. Niliandika jina lake, jina la baba yake, kijiji, tarehe. Nilifundishwa hivyo. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa mkali mno juu ya mafaili yanayoitwa "sauti mpya 2" au "mahojiano final final". Alitaka faili lijieleze lenyewe hata ukilikuta baada ya miaka mitano. Langu lilijieleza vizuri sana.

Mpaka mwisho wa juma nilikuwa na mafaili 61: sauti, picha, kurasa za daftari nilizozipiga kwa simu. Nikayabana yote kuwa zipu moja ili yatumike kwa urahisi, na nikamtumia mhariri nakala kwa barua pepe kwa kipande cha bando kilichobaki. Siku mbili baadaye nikarekodi mahojiano ya sitini na mbili, nikampigia kumwambia ninakuja na nyongeza. Ndipo aliponiuliza, kama mtu anayekumbuka dirisha aliloliacha wazi: "Hivi ile zipu uliiwekea pasiwedi?"

Sikuweka. Nikasema nitaweka.

Sasa, wanaofahamu mambo haya watanicheka, na wacheke tu. Nilidhani kuweka neno la siri kwenye zipu iliyokwisha kutengenezwa ni kama kununua kufuli na kulibana kwenye sanduku la bati. Sanduku lipo, tundu lipo, unapitisha kufuli, unageuza ufunguo. Nikabofya kulia kwenye faili, nikatafuta palipoandikwa neno la siri, hapakuwepo. Nilikumbuka kabisa kwamba kompyuta za maktaba chuoni, zile za Windows XP zilizokuwa zikinguruma kama mashine ya kusaga, zilikuwa na sehemu hiyo. Kumbukumbu yangu ilikuwa sahihi: XP ilikuwa nayo, matoleo yaliyofuata yakaiondoa. Nikafungua WinRAR. Huko nikaona kitufe cha kuongeza, nikaongeza mahojiano ya sitini na mbili ndani ya zipu ileile, na kwenye kisanduku kilichotokea kulikuwa na sehemu ya neno la siri. Hapo ndipo, nikawaza. Nikaandika. Kisha nikajaribu kufungua yale mahojiano mapya. Yakakataa, yakadai neno la siri. Nikalitoa, yakafunguka.

Nilijaribu mlango mmoja tu, ule niliotoka kuutengeneza.

Nilikuja kuelewa baadaye, na mfano ulionisaidia nilikuwa nimeukalia. Zipu haifanani na sanduku. Inafanana na gesti. Ina vyumba, na kila chumba kina kitasa chake. Mgeni wa sitini na mbili alipoingia nikampa chumba chenye kufuli. Wale 61 waliotangulia waliendelea kulala milango wazi. Programu haikunidanganya hata kidogo. Kwenye orodha yake ilikuwa imeweka alama ya nyota mwishoni mwa jina la faili lililofungwa. Nyota moja, chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho. Mistari mingine 61 haikuwa na nyota. Niliitazama orodha ile usiku mzima na sikuiona nyota kwa sababu sikujua kama ni kitu cha kutazamwa.

Lakini hata kama vyumba vyote vingefungwa, bado kuna kile kidaftari cha mapokezi. Kila aliyelala gesti za nchi hii anakijua: jina, kabila, utokako, uendako, kazi. (Mimi kule nilijiandika mfanyabiashara.) Kidaftari kinalala juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi, na wewe unapoandika lako unasoma ya waliokutangulia. Zipu inacho kidaftari hicho. Kinakaa mwishoni mwa faili: orodha ya kila kilichomo, majina, ukubwa na tarehe. Neno la siri la kawaida la zipu halikigusi. Unaweza kuwa na ufichaji wenye nguvu kuliko hazina ya benki na bado mtu asiye na ufunguo akabofya mara mbili na kusoma nani na nani wamo ndani. Sauti haisikii, lakini kwa mtu mwenye panga jina linatosha.

Kijana wa Katoro hakuvunja chochote. Chaja ya laptopu yangu ilikuwa imeungua umeme uliporudi kwa kishindo, nikapeleka flashi steshenari nitume kutoka pale. Yeye alibofya kuona ni faili la aina gani, kama ambavyo angebofya la mtu yeyote mwenye CV. Jina la dada yule lilianza kwa herufi ya mwanzomwanzo wa alfabeti, kwa hiyo lilikuwa juu. Basi.

"Mwangaluka," akanisalimia upya, sasa kama mtu wa kwao. Nilijibu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, jina hilo hujaliona." Akasema, "Sawa dada." Alilisema haraka mno, kwa ule wepesi wa mtu anayeambiwa siri na mteja huku mteja mwingine anataka nakala tano. Nikachomoa flashi, nikamlipa mia tano kwa kazi ambayo hakuifanya, nikatoka nje kwenye jua nikiwa sijui niende kushoto au kulia.

Nilichukua bodaboda moja kwa moja kwenda machimboni. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilitaka kusema "kuna hitilafu ya kiufundi imejitokeza", sentensi ambayo tunazichapa kila siku wakitupa wakubwa. Nilipofika alikuwa anachambua mawe. Nikachuchumaa, nikamweleza: nimeandika jina lako mahali, mtu amelisoma, anasema anakufahamu.

Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Kijana mwenyewe anaitwa nani?"

Sikuwa nimemuuliza.

Akanitazama, halafu akarudi kwenye mawe yake. "La kwangu ukaliandika mpaka na la baba," akasema. "La kwake hukulichukua."

Baada ya siku mbili alihama. Alikuwa anasubiri zamu ya mtambo ili viroba vyake vichenjuliwe. Zamu ilikuwa wiki iliyofuata. Hakusubiri. Aliviuza viroba vyote kumi na vinne kwa broka palepale, kwa bei ya mtu anayeonekana kabisa ana haraka. Mimi nilitoa nauli yake na ya watoto. Kuna wenzangu watasema mwandishi hampi chanzo chake pesa, na ni kanuni nzuri, naifundisha mwenyewe kwa vijana wanaokuja mafunzoni. Siku ile niliivunja, na nilichompa hakikufika hata robo ya alichokipoteza.

Usiku wa siku hiyo, kwa laptopu ya kuazima, ndipo nilipojifunza kufunga faili. Naandika hatua hizi kwa ajili ya yeyote anayesoma blogu za fasihi na ambaye ana kazi ya kuwasikiliza watu, awe mwandishi, mtafiti, au mjukuu anayerekodi simulizi za bibi. Zipu iliyopo haifungwi, inafunguliwa na kutengenezwa upya. Hata zile programu zenye kitufe cha kugeuza faili la zamani liwe lenye neno la siri, ndani kwa ndani hufanya hivyohivyo: zinatoa kila kitu na kukipanga upya. Kwenye Linux kuna amri iitwayo zipcloak ambayo hasa ndiyo niliyokuwa naitafuta, inachukua zipu iliyopo na kufunga kila kilichomo, lakini inatumia ufichaji wa kizamani na majina inayaacha yalivyo. Ufichaji huo wa kizamani una kasoro inayonihusu moja kwa moja. Mwaka 1994 watafiti Eli Biham na Paul Kocher walionyesha kwamba ukiwa na kipande kidogo cha kilichomo kabla hakijafichwa, unaweza kurudi nyuma na kuvunja vilivyobaki. Na mimi, kumbuka, nilikuwa nimeshatuma nakala nzima iliyo wazi. Ningefunga zipu yangu kwa njia hiyo ya zamani, ile nakala ya kwenye barua pepe ya mhariri ingekuwa ufunguo wake.

Kwa hiyo nilitoa mafaili yote nje. Kabla ya kufunga chochote nikayabadili majina: 01, 02, 03, hadi 62. Nilianza saa tatu usiku. Kisha nikatumia 7-Zip, nikachagua muundo wa 7z badala ya zipu, nikaandika neno la siri refu la maneno manne yasiyohusiana, na nikaweka tiki kwenye kile kisanduku kidogo cha kuficha majina ya mafaili. Tiki hiyo haiji yenyewe. Na kwenye muundo wa zipu haipo kabisa. Nilipolibofya faili jipya, kabla hata ya kuonyesha mstari mmoja liliomba neno la siri. Orodha haikuonekana. Kile kidaftari cha mapokezi kilikuwa nacho kimeingia ndani na kufungiwa.

Zikabaki nakala. Zipu ya zamani kwenye laptopu iliyoungua chaja, nyingine kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe yangu sehemu ya zilizotumwa, nyingine kwa mhariri, na picha bado kwenye simu. Kufuta kwenye flashi mara nyingi ni kufuta jina tu, sauti yenyewe inabaki pale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilijaza flashi nzima nyimbo na filamu hadi ikakataa, nikafuta, nikajaza tena. Mhariri nilimpigia simu. Alifuta akiwa bado hewani, nilisikia kibodi. Neno la siri jipya nilimtajia kwa mdomo, sikuliandika kwenye ujumbe unaosafiri na faili lenyewe. Akaniuliza itakuwaje nikilisahau. Hakuna wa kumpigia, hakuna huduma kwa wateja, huendi na kitambulisho cha NIDA ukabadilishiwa kama namba ya siri ya simu. Ukilisahau, wale watu 62 hawatasema tena.

Vicky Ntetema alipoingia kwa waganga wa Kanda ya Ziwa mwaka 2008, akiwa mwandishi wa BBC, akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri kwa viungo vya watu wenye ualbino, aliyetishwa baada ya habari kurushwa alikuwa yeye, na ilibidi aishi mafichoni. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Habari ile ndiyo iliyonifanya nitake kazi hii, na nadhani nilijifunza nusu yake. Nilijifunza kwamba mwandishi anaweza kuwindwa. Sikujifunza kwamba siku nyingi anayewindwa ni yule aliyebaki kijijini, au machimboni, baada ya mwandishi kupanda basi. Siku hizi tunaogopa zaidi dola, na tuna sababu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa polisi uwezo wa kupekua na kuchukua kompyuta na kila kifaa cha kuhifadhia. Tunajifunza kuficha mambo dhidi ya polisi. Katika habari hii polisi hawakuwepo kabisa. Alikuwepo kijana mpole mwenye mashine ya fotokopi ambaye alifurahi kuona jina la mtu wa kwao.

Tangu Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikifanya kazi. Niliisoma kwa makini ya mtu anayejitafuta kwenye orodha ya watuhumiwa. Naiunga mkono, lakini ingenikuta nimeshakosea saa mbili kabla, pale nilipobonyeza F2 na kuandika jina.

Nimelifikiria sana hilo la jina, pengine kwa sababu nusu ya maisha yangu nasoma riwaya na nusu nyingine naandika habari. Mtunzi wa riwaya anampa mtu wake jina na jina hilo linamfanya awepo. Sisi huku tunafanya kinyume: mtu yupo, analo jina, na kazi yetu wakati mwingine ni kulitoa kwenye ukurasa ili aendelee kuwepo. Nilidhani kazi hiyo inafanyika siku ya kuandika, mbele ya mhariri, kwa mabano. Makala yangu ilipotoka ilikuwa safi. Hakuna jina, hakuna machimbo, hakuna kijiji. Wasomaji wawili waliniandikia kunisifu kwa uangalifu. Sikuwajibu.

Habari za kijana wa steshenari: nilirudi Katoro mwaka uliofuata kwa kazi nyingine, nikapita. Palikuwa pameshakuwa duka la vifaa vya simu. Mwenye duka alisema waliokuwepo walihamia Geita mjini au Chato, hakuwa na hakika. Nilisimama pale kidogo, nikanunua chaja.

Dada alinipigia Agosti, kwa namba ngeni. Kwanza nilidhani ni wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Akacheka. Watoto wanasoma, mmoja anaumwa malaria lakini anaendelea vizuri. Ameanza tena marudio, viroba sita. Hajaona mtu yeyote wa kwao. Alinipigia kwa sababu alitaka kujua kitu kimoja.

"Kwenye ile kompyuta yako, siku hizi nimeandikwa nani?"

"Saba," nikamwambia. "Sifuri saba."

Akanyamaza kidogo. "Kama foleni ya hospitali."

"Kama foleni ya hospitali."

"Haya, bora hiyo." Halafu akaniambia huko aliko wanamwitaje, jina la utani jipya, na jinsi lilivyopatikana, kisa kirefu kinachohusu baiskeli na mwenyekiti wa kitongoji, tukacheka wote hadi salio lake likakata. Ile namba mpya nimeihifadhi kwenye simu kama Fundi Bomba. Lile jina la utani sijaliandika popote.